Mwaka Ambao Hatukujua Kumaliza

Tulimzika Mwalimu Esta kijijini kwao, upande wa Sekenke, siku ya upepo mkali uliowafanya wapishi wahamishe mafiga mara mbili. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, sahani ya wali mapajani, nikasikia mzee mmoja nyuma ya turubai akimweleza mwenzake marehemu alikuwa nani. Hakusema kwamba alifundisha Jiografia mpaka akastaafu, wala kwamba nusu ya waliobeba jeneza wana dada au mke aliyepita mikononi mwake. Alisema, "Si ndiye yule aliyekuwa na timu ya mabinti wa kikapu? Wale waliokuwa wanaongoza weee, halafu mwishoni wanafungwa?" Mwenzake akacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kiganja, akajibu, "Hao hao. Sisi tulikuwa tunaenda kuwaangalia kwa ajili hiyo." Paulina, aliyekuwa nahodha wetu na sasa ni bibi mwenye wajukuu na magoti mabovu, alinifinya mguu. Nilitaka kunyanyuka nimjibu yule mzee. Lakini ni mkubwa kwangu, na nilikuwa na mfupa wa kuku mdomoni, kwa hiyo nikanyamaza. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotaka kumwambia, kwa sababu alichosema ni kweli, ila kakiacha katikati.

Anayetaka habari za ukoo wangu na jinsi nilivyofika sekondari atanisamehe, maana ni habari ndefu na haina mpira hata mmoja ndani yake. Naanzia kidato cha tatu, katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa njia ya Mtinko. Bweni letu lilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya juu na chini, madirisha yasiyofunga vizuri, na vumbi lililoingia hata kwenye mswaki. Chini ya kila kitanda kulikuwa na sanduku na ndoo. Sanduku ungeweza kuliacha wazi na asiguse mtu, lakini ndoo uliandika jina lako kwa rangi ya kucha, pembeni na kwenye kitako, na bado ukaiangalia mara kwa mara. Maji yalivutwa na pampu ya upepo iliyosimama nyuma ya jiko, ikizunguka mchana kutwa na kujaza tangi moja, na tangi lile lilikuwa na bomba moja zima. Jioni, Mzee Hango, mlinzi wetu, aligonga nguzo ya tangi kwa spana, kisha akafungua. Ukisikia spana, unakimbia. Sheria ya foleni haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua: ndoo iliyosimama bila mwenyewe inasukumwa nyuma. Na wa nyuma kabisa walipata maji ya kitako cha tangi, mekundu, ya kufulia soksi labda. Unaoga kwa hayo, unafua kwa hayo, na asubuhi unanawa uso kwa kilichobaki.

Uwanja wa kikapu ulikuwa upande wa pili wa jiko, sakafu ya saruji iliyojengwa na wamisionari waliokwisha kuondoka. Ulikuwa na nyufa tulizozijua kwa miguu. Mwalimu Esta aliukuta pale, akakuta na mipira miwili, akaamua kwamba wasichana wa pale watacheza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na saa ya mkononi ya kiume. Alitufundisha kama alivyofundisha ramani, kwa mstari na kipimo, na ukikosea hakukutukana, alikurudisha tu ulipoanzia. Mwaka ule tulikuwa wazuri, na sisemi hivyo kwa kujipamba. Paulina alikuwa na macho mgongoni. Mimi nilikuwa mkabaji, kazi yangu ilikuwa kuwakera watu. Halafu tulikuwa na Zaituni, msichana kutoka Mgori, mrefu, mpole, ambaye darasani alikaa nyuma akiomba asiulizwe, na uwanjani alirusha mpira ukaingia kikapuni bila kugusa chuma. Tulianza mechi kwa kuwakimbiza watu. Ikifika mapumziko tumeongoza, robo ya tatu tumeongoza zaidi, wageni wameanza kulaumiana. Kisha robo ya nne inaingia, na timu ile ile, miguu ile ile, inaanza kurusha mipira ovyo, kupasiana mipira ya haraka haraka, kila mmoja kama ana jambo jingine. Wapinzani wanarudi kikapu kimoja kimoja. Tunafungwa. Tulifungwa hivyo nyumbani, tukafungwa hivyo mjini, tukafungwa hivyo Manyoni mpaka dereva wa lori lililotuleta akatupa pole kabla mechi haijaisha.

Sababu zilitafutwa. Kila mtu alikuwa na yake. Bwenini wengi walishika kwamba ni mlenda: tunakula mlenda mwingi mno, na mlenda ukishakaa mwilini unashuka mikononi, mpira unateleza. Kuna wiki nzima timu ilikula ugali kwa chumvi kwa sababu hiyo, na tukafungwa tukiwa na njaa. Wengine walisema tumechezewa, wakataja shule fulani na bibi wa mchezaji fulani. Mama mpishi alisema ni damu ya wasichana haina chuma, akatuongezea maharage. Mwalimu Esta hakuamini hata moja. Yeye alisema ni pumzi. Akatukimbiza asubuhi mpaka kwenye yale mawe makubwa ya njia ya Mtinko na kurudi, ukungu mdomoni, mpaka nikawa natapika uji. Pumzi tukapata, ya kutosha kukimbia siku nzima. Bado tukafungwa, safari hii bila hata kuhema.

Siku moja nilikuwa nafuta madirisha ya ofisi ya walimu, zamu ya kawaida, nikasikia mkuu wa shule anaongea na Mwalimu Esta ndani. Mkuu wetu alikuwa mtu wa mahesabu na wa shamba. Shule ilikuwa inalima alizeti, na kila mavuno alizeti ile ilianikwa kwenye maturubai na kuliwa na kuku wa jirani. "Mwalimu, ile ni saruji safi," alisema. "Mimi nikiiangalia naona kianikio." Mwalimu Esta akasema ni uwanja. "Ni uwanja wa kufungwa," akajibu mkuu, bila hasira hata kidogo. "Kuna mgeni anakuja kutoka wilayani, ataangalia mechi yenu ya mwisho hapa nyumbani. Wakishinda, sina neno. Wakifungwa tena mbele yake, nitang'oa zile nguzo, mabomba yake yanatosha banda la ng'ombe. Wasichana watacheza rede." Nilisubiri Mwalimu apaze ile sauti yake. Hakuipaza. Alisema tu, "Sawa, mkuu," akatoka, akanikuta dirishani na kitambaa, akanitazama, nikasema "Shikamoo mwalimu" kwa sababu sikupata neno jingine.

Niliwaambia wenzangu bwenini jioni ile ile. Wengine walilalamika, wengine wakamsema mkuu na ng'ombe zake. Zaituni alingoja wote wamalize. Alikuwa amekaa kitandani kwake anasuka kamba ya kiatu iliyokatika. Akasema, "Nyie mna vitu vingine. Mimi wakiondoa nguzo zile, nani atanijua hapa?" Aliongea kwa utulivu, kama anayetaja namba ya kitanda chake, na ilikuwa kweli. Walimu wengine walimwita "wewe mrefu". Mwalimu mmoja alishawahi kumwambia mbele ya darasa kwamba anakalia dawati bure. Uwanjani peke yake ndipo watu walipiga kelele jina lake, Zaituni, Zaituni, na yeye akainama kama anatafuta kitu chini, ili wasione anatabasamu. Sasa nina umri wa kutosha kujua kwamba shule huwa na watoto wa namna ile kila mwaka, na wengi hawapati hata hiyo saruji.

Kisha pampu ikaharibika. Upepo ulivuma mno, upanga mmoja wa gurudumu lake ukakatika ukaangukia paa la jiko, na fundi wa kuitengeneza alikuwa mbali. Kwa muda ule shule nzima tulipelekwa asubuhi, kwa mistari, kuteka maji kisimani kwa wanakijiji, na jioni hakukuwa na spana wala foleni. Tulilalamika sana. Katikati ya shida ile tukasafiri kwenda kucheza mjini, tukaongoza kama kawaida yetu, robo ya nne ikaingia, tukaendelea kuongoza, filimbi ikalia. Tulisimama tukitazamana, hatujui mtu akishinda anafanya nini. Mwalimu Esta alisema mbio za kwenye mawe zimejibu. Tukarudi tumeimba mpaka sauti zimekauka. Fundi akaja, pampu ikazunguka, watu wakaoga, na mechi iliyofuata tukaongoza, tukafungwa.

Jioni ya siku ile ya kufungwa tulikuwa bwaloni, ugali wa mtama na dagaa. Mwalimu Esta alikuwa wa zamu, amesimama karibu na sufuria na sahani yake mkononi. Paulina, ambaye hakuwahi kunyamaza hata msibani, akasema kwa sauti kubwa, "Jamani, dawa ni kuikata tena ile pampu. Ilipokufa si tulishinda?" Watu wakacheka, hata sisi tuliofungwa tukacheka. Mwalimu Esta hakucheka. Niliona anaweka sahani yake mezani taratibu, ugali haujaguswa, anatoka nje. Nilidhani amekasirika.

Kesho yake alikuja mazoezini na kiti cha mwanafunzi, akakiweka pembeni, akakaa. Mazoezi yetu yalikuwa na robo nne kama mechi, na aliyaanza kama siku zote kwa kutazama saa yake. Ila hakuutazama mpira, alitutazama sisi nyuso. Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanzoni mwa ya nne, kabla hata spana haijalia, mmoja wetu akaangalia upande wa jiko. Kisha mwingine. Mzee Hango akagonga nguzo ya tangi, na mpira uliokuwa hewani ukaanguka wenyewe chini bila mtu wa kuudaka, kwa sababu mimi niliyepasiwa nilikuwa tayari nimefika karibu na jiko. Tulirudi na ndoo zetu kichwani tukamkuta bado amekaa. "Njooni," akasema. "Tangu tuanze mwaka, ukiacha zile siku za pampu mbovu, mmewahi kucheza robo ya nne ya mazoezi mkaimaliza hapa?" Tukafikiri. Paulina akasema, "Mwalimu, maji." "Sijauliza maji." "Hapana, mwalimu. Hatujawahi." Akaitikia kwa kichwa. Alisema kwamba kwa muda wote ule ametufundisha vizuri kabisa kuacha, na kwamba hata tukiwa Manyoni ambako hakuna bomba, miguu yetu inajua kwamba robo ya nne ni ya kukimbilia mahali pengine. Hakusema kwa kutulaumu. Nakumbuka alionekana kama aliyetua mzigo.

Alikwenda kwa mkuu kuomba bomba lifunguliwe baadaye kidogo, hata siku za mazoezi tu. Mkuu akamjibu kwamba ratiba ya maji haiwezi kufuata mpira, na kwa kweli hapo sikumlaumu, giza likiingia pale bombani kulikuwa na nyoka. Mwalimu Esta akawaomba wasichana wengine wa mabweni watushikie foleni. Wakakubali mbele yake na kukataa nyuma yake. "Wao wanacheza, sisi tuwatekee? Kwani wao ni maharusi?" Ndoo zetu zikasukumwa nyuma kama kawaida, na sisi tukaendelea kuchungulia.

Siku iliyofuata, robo ya tatu ilipoisha, Mwalimu Esta akavua saa yake, akamkabidhi Paulina, akaokota ndoo zetu zote tulizokuja nazo mazoezini, pembeni ya uwanja, akazibeba kwa vishikio, mikono yote miwili, akaenda zake bombani. Hakutuaga. Akazipanga kwenye foleni moja nyuma ya nyingine, akasimama nazo.

Lazima nieleze hili kwa wasiojua shule za wakati ule. Mwalimu hakusimama foleni na wanafunzi. Mwalimu aliletewa maji mlangoni na mwanafunzi wa zamu, aliyeyatua kwa kupiga magoti. Sasa Mwalimu Esta kasimama kwenye tope, gauni kakunja, katikati ya wasichana wenye kanga za kuogea, na kila anayefika lazima asimame, aseme "Shikamoo mwalimu," apate "Marahaba," kisha atafute pa kuweka ndoo yake. Nani ataisukuma ndoo ya mwalimu? Waliokuwa wakisukumana kila siku mpaka kutoana kucha walisimama siku ile kama wako kanisani. Mzee Hango alimletea kigoda, akakikataa. Mama mpishi alitoka jikoni akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, unatutia aibu." Mwalimu Esta akajibu, "Nateka maji, mama. Aibu iko wapi?" Ofisini walimu wenzake walimsema, nilisikia tena kwa masikio yangu. Mmoja alisema anajishusha. Mwingine alisema kesho wanafunzi watamtuma dukani. Aliendelea, kila siku ya mazoezi.

Jambo ambalo hatukulitambua mwanzoni ni kwamba kwa njia ile hakuwa anatuona tena. Tangi lilikuwa nyuma ya jiko. Robo ya nne tuliicheza peke yetu, Paulina na saa kubwa mkononi, hakuna mtu mzima wa kutuelekeza. Siku za kwanza ilikuwa fujo. Tulichoka, tukagombana, Zaituni akanisukuma na mimi nikamsukuma. Spana ilipolia miguu yangu iliondoka hatua kadhaa kabla sijaikumbusha kwamba ndoo yangu ina mwenyewe. Lakini kidogo kidogo tuliizoea ile robo, tukaijua ilivyo ndefu, na kwamba mtu anayeongoza hana haraka. Zaituni ndiye aliyeligundua hilo. Alianza kukaa na mpira tu, anaudunda taratibu mbali na watu, sisi tunamfokea, yeye anasema, "Kwani wanaodaiwa ni sisi?" Katika mechi za shule za wakati ule hakukuwa na kanuni ya kumlazimisha mtu arushe.

Siku ya mechi ya mwisho wageni walichelewa, basi lao lilipata pancha, kwa hiyo mechi iliyotakiwa kuisha jua likiwa juu ilianza jua limeshaelekea kuzama. Mgeni wa wilaya alikaa kwenye kochi lililotolewa nyumbani kwa mkuu, na soda mezani. Wageni walikuja na mashabiki wenye ngoma. Tuliongoza, bila shaka. Tulikuwa tunajua kuongoza tangu zamani. Robo ya tatu ikaisha tukiwa na vikapu vitano zaidi, na nyuma nikamsikia mwalimu wa hesabu akisema, "Sasa angalieni." Wageni wakarudi. Kikapu, kikapu, kikapu. Kisha spana ikalia. Wasichana wa mabweni yote waliokuwa wamezunguka uwanja wakatikisika, wakatazamana, wengine wakaanza kukimbia. Nilitazama benchi letu ili Mwalimu Esta anitulize, na benchi lilikuwa tupu. Ndoo zetu pia hazikuwepo pale pembeni. Alikuwa ameondoka, mbele ya mgeni wa wilaya, mbele ya mkuu na kochi lake, akiwa amevaa gauni lake la kitenge la Jumapili, kwenda kusimama kwenye tope. Nilimpenda mtu yule wakati ule kwa namna ambayo nimewapenda watu wachache maishani. Paulina naye alikuwa ameona. "Ndoo zipo," akapiga kelele. "Chezeni!" Zaituni akachukua mpira akauweka upande wa mbali, akaudunda. Uwanja mzima ukamlilia arushe. Mkuu wa shule alisimama akapiga kelele arushe. Hakurusha. Alizunguka, akampa Paulina, Paulina akanipa mimi, nikamrudishia, wageni wakatukimbiza kama kuku, na filimbi ya refa ikalia tukiwa mbele kwa kikapu kimoja.

Nguzo hazikung'olewa. Mkuu alitushika mikono wote, mtu wa haki, na alizeti ikaendelea kuliwa na kuku. Zaituni alikuja kuwa mwalimu wa michezo, yuko Dodoma, ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote pale kaburini. Mkoani tulikoenda baada ya hapo tulifungwa kuanzia robo ya kwanza, bila kuongoza hata mara moja, kwa hiyo yule mzee wa nyuma ya turubai hana la kusema kuhusu hiyo.

Siku ile hatukungoja hata kupeana mikono vizuri. Tulikimbia nyuma ya jiko, tumelowa jasho. Ngoma za wageni zilikuwa bado zinapigwa, walikuwa wanapiga hata wakifungwa, na kutoka pale bombani hungeweza kujua zinamsherehekea nani. Foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu Esta alikuwa karibu kufika mbele, ametugeuzia mgongo, viatu vyake vizuri vimezama. Zaituni alifika wa kwanza, akasimama nyuma yake. Mwalimu hakugeuka.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza, mwalimu," Paulina akasema.

"Robo yote? Hakuna aliyetoka?"

"Yote. Hakuna."

Maji yalikuwa yakiingia kwenye ndoo ya mtu aliyekuwa mbele yake. Zaituni akaanza kulia, akaficha uso kwenye fulana. Mwalimu Esta akainama, akachukua ndoo yenye jina la Zaituni, akaisogeza chini ya bomba. "Haya, kinga, mama," akamwambia. "Kuna watu nyuma yako."